Akina Mama Wanne, Jina Moja

Mwalimu Deo tulimzika Sange, Alhamisi asubuhi. Baada ya misa watu waliketi nyuma ya nyumba yake kwenye viti vya plastiki, wakingoja wali. Consolata nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Alikuja akaketi kando yangu bila kuuliza, akavua viatu vyake vyenye udongo wa makaburini, akaniangalia kitambo. "Salima, umenenepa," akasema. "Na weye umeota mvi," nikamjibu. Tukacheka, kisha tukaona haya kucheka kwenye kilio, tukainama juu ya sahani zetu. Sasa nina miaka arobaini. Kazi yangu ni kufundisha vijana kuandika programu za kompyuta, huko Bujumbura, na wengi wao wanadhani nilizaliwa nikiijua kazi hii. Sijawahi kuwasahihisha vizuri. Lakini pale, nikiwa nimekaa kati ya Consolata na mjane wa mwalimu, nilikumbuka mwaka ule niliokuwa na miaka ishirini, na nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza, watakaojua jinsi tulivyoanza watabaki wawili tu, na wote wawili walikuwa wanakula wali ule.

Habari za kwetu nitaziacha. Mwaka ule haukuwa wa nyumbani. Ulikuwa wa chumba kimoja Kimanga, mjini Uvira, nyuma ya duka la rangi na misumari. Mtu akiingia, harufu ya rangi ilimkamata kooni, na baada ya wiki moja hakuisikia tena. Kulikuwa na kompyuta nne. Mbili ziliwaka, mbili zilikaa pale kama wageni wasioongea. Nje ya ukuta ilikuwepo jenereta, ambayo sote tuliiita gurupe, na ikianza kunguruma mwalimu alilazimika kufundisha kwa kupaza sauti, hata mambo ambayo yangefaa kusemwa polepole. Dirisha la upande wa kichochoro lilitazama jiko la mama mmoja aliyekaanga ndagala. Saa sita alitupitishia bugali na samaki wale kupitia dirishani, sahani moja kwa watu watatu, na tulikula tumesimama mbali na mashine, kwa sababu mwalimu hakutaka mafuta yaguse vitufe. Mimi nilikwenda pale kujifunza kupiga chapa tu, ili nipate kazi ya ofisini. Mwalimu wa kupiga chapa alikuwa amehama. Deo, mtu mrefu, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, alinitazama mlangoni akasema, "Ile ya kupiga chapa imeisha, dada. Lakini keti. Kiti iko." Nikaketi. Sikujua kwamba nimeketi kwa mwaka mzima.

Alifundisha Java, lugha ya kuandikia programu, na wiki tatu za kwanza hatukugusa mashine. Tuliandika kwenye kaye, daftari za karatasi, kwa kalamu, kama watoto wa shule ya msingi. Neno la kwanza ndilo lililonipotosha. Aliandika kwenye tablo, ubao wetu mweusi: klasi. Kwetu sote klasi ni chumba cha shule, chenye madawati na vumbi la chaki, na siku mbili nzima nilikuwa nikitafuta madawati ndani ya mistari ile. Deo alisema klasi ni maelezo ya kitu, na obje ni kitu chenyewe. Klasi huandikwa mara moja, lakini obje unaweza kuziumba kadiri unavyotaka, na kila unapotaka mpya unaandika neno new. Nilinakili yote kwa mwandiko mzuri. Sikuelewa hata kidogo.

Aliyenielewesha ni Consolata. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga wa Sange, anayekuja mjini kila Jumatatu na kulala kwa shangazi yake hadi Ijumaa. Alikuwa mzito wa kuandika kwenye vitufe, akitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, na mimi, niliyekuwa na vidole vyepesi, nilimwonea huruma kidogo. Siku moja, tukiwa tumeshika bugali mkononi, nilimwambia kwamba nataka kuacha. Akatafuna, akameza, ndipo akasema, "Unajua ile kalibu ya mbao ya kutengeneza matofali?" Nikasema naijua. "Hakuna nyumba yenye ilijengwa na kalibu. Njo unatoa tofali, halafu ingine, halafu ingine. Kalibu ni klasi. Tofali ni obje. Na tofali moja ikipasuka, ile ya pembeni haipasuke." Nilisimama na tonge mkononi. Sikumbuki kama nililila. Nakumbuka kwamba nilirudi kwenye kaye nikaandika klasi yangu ya kwanza inayoeleweka, klasi ya Samaki, yenye jina, uzito na mahali alipovuliwa, kisha nikaumba ndagala mmoja na mkeke mmoja aliye mkubwa kuliko yeye, na nilipowatazama kwenye karatasi niliona kweli kwamba ni wawili.

Hata leo, nikiona kijana anaelewa jambo hili kwa mara ya kwanza, namjua kwa jinsi anavyonyamaza. Lakini kuelewa jambo mbele ya sahani ya bugali na kulikumbuka wakati mashine inakugombeza ni mambo mawili tofauti, na hilo nililijifunza vibaya.

Katikati ya mwaka alikuja Mama Riziki, mwuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya kilichoko kwenye barabara ya kupanda milima ya Lemera. Wafadhili walikuwa wamekipa kituo chake kompyuta moja, na ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua tangu ifike. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani. "Mwalimu, minye niko na bamama mingi benye jina moja," akasema. "Ba Nsimire peke yao bako tano. Fishi, zile karatasi zao, zinachanganyika. Juzi nilimwambia mama mmoja kama damu yake ni kidogo, akalia hapo hapo, kumbe ile fishi ilikuwa ya mwenzake. Mashine inaweza kunisaidia?" Deo alimwuliza maswali mengi: wajawazito huja siku gani, anaandika nini, anatafuta nini. Alipokwisha kuondoka, mwalimu aligeuka akatuangalia, watu saba tuliokuwa mle ndani. "Minye nitaandika sehemu ya kuhifadhi," akasema. "Klasi ya Mama itaandikwa na Salima na Consolata." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia, bila kulitamka, kwamba kazi yangu itatumiwa na mtu nisiyemjua.

Tulifanya kazi mwezi mzima. Klasi yetu ilikuwa na jina la mama, kijiji, umri, miezi ya mimba na kiwango cha damu. Consolata alifikiri, mimi niliandika. Ndivyo tulivyogawana bila kupatana. Ijumaa ya mwisho kabla ya kupanda kituoni, yeye alikuwa ameondoka mapema kuwahi gari la Sange, na mimi nilibaki na mashine. Programu ilikataa kufanya kazi. Ilinitolea maneno mekundu kwa Kiingereza, na katika maneno yale nililoweza kulitambua ni moja: static. Nikajaribu kulibandika neno hilo mbele ya jina. Mstari mmoja mwekundu ukaondoka. Nikalibandika mbele ya kijiji, mbele ya umri, mbele ya kila kitu, na wekundu wote ukaondoka, na nikajiona fundi. Nikamwandika mama mmoja wa kubuni, programu ikanirudishia jina lake sawasawa. Jumatatu Consolata aliuliza, "Ulijaribu na bamama babili?" Nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nadhani nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeulizwa.

Mimi na Consolata tulipanda na Deo kwa pikipiki mbili, asubuhi ya siku ya wajawazito. Kituo kilikuwa nyumba ya matofali yenye veranda ndefu, na akina mama walikuwa wameketi ukutani, miguu imenyooshwa, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri kwenye vijia vya mlimani. Mama Riziki aliondoa kitambaa cha maua kama mtu anayefunua sahani ya mgeni. Aliwaita wanne wa kwanza. Mimi ndiye niliyeandika, vidole vyangu vikikimbia: Nsimire, Furaha, Nabintu, na wa mwisho, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha njano, Esta. Wenzao walijaa mlangoni kuangalia. Kisha Mama Riziki akasema, "Sasa nioneshe orodha." Nikabonyeza.

Esta. Esta. Esta. Esta. Kijiji kimoja, umri mmoja, mimba moja ya miezi saba, mara nne. Mtu mmoja mlangoni aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, na veranda nzima ikaangua kicheko. Walicheka bila ubaya, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Nsimire peke yake hakucheka. Alikuwa mwanamke mkubwa kuliko wale wengine, na baadaye niliambiwa kwamba alikuwa amepoteza mimba mbili. Alinikaribia, akaniuliza taratibu kabisa, "Na minye, umeniweka wapi?" Static, nilikuja kujua, ni neno la kuiambia mashine kwamba kitu hiki si cha mmoja mmoja bali ni cha wote pamoja. Nilikuwa nimewapa akina mama wote jina moja la kuchangia, na kila aliyeingia alifuta la mwenzake.

Deo aliinama juu ya bega langu, akafungua programu, akatembeza macho. Aliona papo hapo. "Nani aliandika hii?" akauliza, si kwa ukali. Nilitazama dirishani. Kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye kisiki, na nilimtazama mbuzi yule kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Nikasikia sauti ya Consolata nyuma yangu: "Ni siye, Mwalimu." Siye. Sisi wawili; hakusema ni Salima. Mwalimu, aliyemjua kuwa mzito, aliielewa kwa namna yake. "Consolata, weye utarudi kwanza ku kaye," akamwambia. "Mashine utaigusa tena nikiona umeelewa." Naye akaitika, na mimi nikanyamaza, na tukashuka mlima, mimi nyuma ya pikipiki ya mwalimu, yeye nyuma ya ile nyingine, upepo ukitupiga usoni hadi bondeni.

Jumatatu iliyofuata Consolata hakuja. Jumanne hakuja. Shangazi yake aliniambia kwamba mpunga umekaribia kuiva, na baba yake amesema kama ni kuandika kwenye kaye tu, kaye ziko hata Sange. Siku mbili nilikaa peke yangu kwenye meza yetu na sikuweza kuandika hata mstari mmoja. Jumatano nilipanda gari la Sange bila kumuaga mtu.

Nilimkuta katikati ya shamba, amesimama kwenye jukwaa la miti, anapiga kopo kwa fimbo na kuwapigia kelele ndege waliotaka kula mpunga. Mama yake alinipokea kwa Kirundi, "Mwaramutse," akanielekeza kwa kidevu. Nilipita kwenye tuta jembamba kati ya maji, nikiwa na viatu mkononi, nikafika chini ya jukwaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Uvira. Yalitoka machache.

"Consolata, ni minye niliandika ile."

"Najua."

"Na sikujaribu na babili. Nilikudanganya."

"Ile pia najua." Akapiga kopo. Ndege wakaruka wote pamoja, wakazunguka, wakatua shamba la jirani.

"Juu ya nini hukusema? Mwalimu aliuliza mbele yako."

Akanitazama kutoka juu. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuona uso vizuri. "Minye nilikuwa nangoja weye useme," akasema. Halafu akanirushia kopo la pili. "Panda. Ndege ni mingi leo."

Nilipiga kopo hadi mikono ikauma. Hatukuongea tena juu ya jambo lile mpaka jua lilipopanda na mama yake akatuita kula: bugali, mboga za lengalenga, na maharage mapya. Tuliketi mkekani, na Consolata akafungua kaye yake. Alikuwa ameshalitatua. Peke yake, kwa kalamu, kwenye shamba la mpunga, alikuwa ameandika klasi ya Mama upya, bila neno static hata moja, na chini yake alikuwa ameumba akina mama wawili. Wote wawili aliwaita Nsimire. Wote wa kijiji kimoja, wote wa miaka thelathini. "Hapa njo mahali penye shida," akaniambia, akigonga karatasi kwa kalamu. "Nikiuliza mashine kama hawa wawili ni sawasawa, itasema nini?" Nikafikiri. Nilifikiri kweli, bila haraka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze. Nikamwambia kwamba kila mmoja aliumbwa kwa new yake, kwa hiyo hata kila kitu kikifanana, ni wawili. Ila tuwape namba, ili hata Mama Riziki aone kwamba ni wawili. Mama yake, aliyekuwa akitusikiliza bila kufuata yote, aliuliza tunabishana nini. Consolata akamweleza kwa Kirundi. Mama akashangaa. "Mulihitaji mashine ya kujua kama bantu babili ni babili?" akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, na akaniongezea maharage.

Alhamisi tulirudi Uvira pamoja. Nilimwambia mwalimu ukweli mbele ya wote, kwa sababu nilijua nikimwambia peke yake nitalifanya kosa langu liwe dogo. Deo alikuwa anachonga penseli. Aliendelea kuchonga hadi ncha ikawa kali, akaipuliza. Nilikuwa tayari kufukuzwa. "Basi iandike ku tablo," akasema. "Kosa yenyewe, vile ulifanya. Bengine baione." Niliiandika, static zote tano. Kisha akamgeukia Consolata, na mtu yule mrefu, aliyekuwa mwalimu wetu sote, akamwambia, "Nilikuhukumu bila kuangalia. Unisamehe." Consolata aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda kuketi kwenye mashine. Tangu siku ile tulibadilishana: yeye aliandika kwa kidole chake kimoja, mimi nilikaa kando nikifikiri, na kila tulipomaliza kitu kidogo tulikijaribu na wawili, kisha na watatu, kisha tukamwita mtu wa nje aje akiharibu.

Tulipanda tena mlima baada ya wiki tatu. Safari hii Consolata ndiye aliyeketi mbele ya mashine, na akina mama walingoja bila kulalamika huku akitafuta herufi. Waliitwa mbele akina Nsimire wote watano waliokuwepo siku ile. Orodha ilipotokea, walikuwa watano, kila mmoja na namba yake, kijiji chake, damu yake. Mama Riziki aliisoma mara mbili, kidole kwenye kioo, akiwatazama wenyewe mmoja mmoja. Yule Nsimire mkubwa alisogea. "Minye niko ya ngapi?" Consolata akamwonesha. Aliuangalia mstari ule kwa muda mrefu, ingawa hakujua kusoma, akauliza kilichoandikwa, na Mama Riziki akamsomea yote hadi mwisho. "Damu yako ni muzuri," akamwambia. Nsimire akaondoka ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Miezi miwili baadaye Mama Riziki alituletea ujumbe kwamba amejifungua msichana. Siwezi kudai kwamba programu yetu ilikuwa na sehemu katika hilo. Lakini mle chumbani Kimanga siku ile kulipigwa makofi, na mama wa ndagala alituletea sahani mbili badala ya moja.

Consolata aliajiriwa na kituo kile kutunza mashine, na amebaki kwenye kazi za hospitali mpaka leo. Ndiyo maana tulipotezana, yeye mlimani, mimi ng'ambo ya mpaka. Mimi Deo aliniita mwishoni mwa mwaka. Wanafunzi wapya tisa walikuwa wamejiandikisha. "Jumatatu weye njo utaanza nabo," akasema. Nikamwuliza kwa nini si Consolata, anayefikiri vizuri kuliko mimi. "Consolata hakosee sana," akanijibu. "Hawa watakosea."

Jumatatu ile nilisimama mbele ya tablo na chaki mkononi. Kwenye safu ya mbele alikuwepo Mama Feza, muuza vitenge, mwenye umri wa kunizaa, kaye yake mpya imefunikwa gazeti. Nilieleza klasi. Nilieleza obje. Nilieleza kalibu na matofali, na nikaona nyuso mbili tatu zikinyamaza kwa namna ile ninayoijua. Ndipo Mama Feza akainua mkono. "Mwalimu," akasema, na lilikuwa jambo la ajabu kuitwa hivyo na mtu kama yeye, "ile obje, tukizima gurupe, inaenda wapi?"

Chumba kizima kilinitazama. Nilitafuta jibu kichwani, na nilijua maneno kadhaa makubwa ya Kifaransa ambayo yangeweza kumridhisha. Nikaweka chaki chini.

"Sijue, mama," nikasema. "Kuya huku mbele. Tutaumba moja, tuzime, tuwashe, tuangalie kama iko."

Akainuka, akakunja kitenge chake vizuri, akavuta kiti chake hadi kwenye mashine.